Gari la Familia ya Nani

Asekenye Okiria,
Kamuriai,
S.L.P. 61,
Malaba.

16 Februari 2025

Mpendwa dada Apeduno,

Pokea salamu zangu tele kutoka nyumbani. Najua huko monasterini wanakuita Sista Maria Imakulata, lakini ulinibeba mgongoni nikiwa na kamasi hadi kidevuni, kwa hiyo utanivumilia nikitumia jina la nyumbani. U hali gani? Mgongo unaendeleaje na hiyo kazi ya kupiga magoti kwenye sakafu ya mawe? Sisi huku ni wazima, ila joto la mwezi huu linatumaliza. Mama yuko salama. Alivuna mtama mzuri na sasa analalamika kwamba ndege walikula kuliko yeye, nawe unajua kwamba Mama akilalamika ni mzima.

Mimi niko miezi saba. Ndiyo, wa nne. Cheka ukimaliza uniombee. Paulinus ametimiza miaka kumi na mmoja na viatu vya baba yake vinakaribia kumtosha. Akwii ana minane. Okurut mdogo ana minne na ameanza kuwauma wenzake kanisani, hasa wakati wa sadaka.

Kwa kuwa kwenu simu ni ya Mama Mkuu na barua mnafunguliwa mara moja kwa mwezi, nimeamua kukuandikia yote kwa mkupuo. Lakini nakuonya, barua hii haina sukari. Dada, nimechukizwa. Nimechukizwa mpaka chakula kinanirudi, na usiniambie ni mimba, mimba naijua.

Chanzo ni gari.

Unakumbuka Akwii alizaliwa na kifua kibovu. Ile pumu haikumwacha. Mwezi wa Desemba ilimbana vibaya, tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, tukipita kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Vumbi juu, moshi wa dizeli chini. Tulipofika, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Daktari aliuliza tumemleta na nini. Nilipomjibu alivua miwani akanitazama kama mama aliyemlisha mwanawe udongo. Akasema kiangazi mtoto huyu asipandishwe tena pikipiki, atafutiwe chombo chenye madirisha yanayofungwa.

Basi tukakaa chini, mimi na Okiria. Mimi nina akiba yangu ya chama cha walimu, naye ana yake ya kazi ya uwakala wa forodha pale mpakani. Yeye akataka pikapu. Mimi nikataka yale magari ya juu ya viti saba, wanayoita SUV. Sitamsingizia mume wangu: hoja zake zilikuwa za mtu mwenye akili. Pikapu inabeba mahindi, inabeba chakula cha kuku, inabeba mbao za kumalizia nyumba, na Jumamosi inaweza kukodishwa ijilipie mafuta. Nikamuuliza watoto wanne watakaa wapi. Akasema nyuma, tutafunga turubai. Nikamuuliza na Akwii? Zile pikapu za milango minne tulizoweza kuzifikia zilikuwa zimechoka hata kuzitazama ni dhambi.

Tulienda Busia, kwenye yadi moja ya magari, kwa dalali anaitwa Nasir. Alitufungulia pikapu nyeupe, safi kwa macho. Dada, harufu iliyotoka humo! Ilikuwa imebeba omena kutoka ziwani kwa miaka, na mwenye gari alidhani atatuzuga kwa kuipulizia marashi. Sasa ikawa inanuka kama omena wanaokwenda harusini. Magamba yalikuwa yamekauka kwenye mishono ya kiti. Okiria akasema harufu huisha. Akwii akapanda, akakaa, na hakumaliza hata dakika mbili akaanza kukohoa. Nasir mwenyewe ndiye aliyemteremsha.

"Mama, hii si yenu," akaniambia. "Hii itawaumizia huyu mtoto. Kuja niwaonyeshe ingine."

Ile nyingine ilikuwa SUV ya rangi ya buluu iliyofifia kidogo, viti saba, madirisha yote yanapanda na kushuka. Akwii aliingia, akafunga kioo, akavuta pumzi, akasema humu hewa ni yake peke yake. Okiria alimsikia. Alinishika bega akasema basi, ni hii. Siku hiyo nilimpenda mume wangu kama siku ya kwanza, na nakuandikia hilo ili ujue nilianguka kutoka wapi.

Kilichotuharibia ni neno moja tu. Jumapili iliyofuata tulikula kwa mama mkwe, na watu wakishashiba Okiria akasimama, akakohoa, akasema: "Mungu akipenda, mwezi huu tunanunua gari la familia." Mimi niliposikia familia nilihesabu yeye, mimi, watoto watatu, na huyu anayenipiga mateke. Lakini waliokaa pale, familia kwao ni ateker, yaani ukoo mzima, walio hai na walio makaburini, pamoja na wale wa ng'ambo ya mpaka kule Tororo ambao sijawahi kuwaona hata kwenye picha.

Mathews akasimama. Huyu ni kaka mkubwa wa Okiria, yule aliyesimamia nyama siku ya harusi yangu, na ikaisha kabla wageni wa kwetu hawajanawa mikono. Siku hizi ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya ukoo, na cheo hicho anakivaa kama koti la mvua, kiangazi na masika. Alisimama machozi yakimlengalenga. "Leo ukoo yetu imetoka kwa aibu," akasema. "Tumechoka kutoa watu yetu mochari na gari ya kukodisha, kama viazi. Asante, ndugu yangu."

Wakapiga makofi. Shangazi mmoja akapiga vigelegele. Nami nikamtazama Okiria nikingoja aseme, jamani, hamkunielewa. Alikuwa anatabasamu. Makofi yalikuwa yamemwingia, dada, niliyaona yakimwingia. Kinyaa changu kilianzia hapo, nikiwa nimeshika sahani ya mifupa mkononi.

Jumapili nyingine gari likatangazwa kanisani na kuombewa, na bado liko kwenye yadi ya mtu. Katikati ya wiki kamati ikakutana bila sisi na kupitisha kwamba pikapu ndiyo inayofaa, kwa sababu jeneza linaingia bila taabu na waombolezaji wanane wanaweza kuketi kando yake. Okiria alipowaambia kwa sauti ya kuku mgonjwa kwamba tumeshachagua SUV, wakasema si neno, wao si watu wagumu. Watakuja kulipima.

Walikuja kweli. Watu watano, yule shangazi wa vigelegele akiwamo, Jumamosi asubuhi, wamevaa kama wanakwenda posa, na Mathews ana tepu aliyoazima kwa seremala anayewatengenezea majeneza. Wakamwamuru Nasir alaze viti vya nyuma. Wakapima urefu, wakapima upana, wakabishana juu ya ule uvimbe wa magurudumu unaoingia ndani. Mmoja akasema jeneza litapita kwa ubavu. Mwingine akasema marehemu hapitishwi kwa ubavu, huo si uungwana. Mimi nilikuwa nimesimama juani na tumbo langu, nimemshika Akwii mkono, nasikiliza watu wazima wakijadili pembe za maiti ndani ya gari la mtoto wangu.

Tepu ilipowashinda, Mathews akavua viatu. Sikujua anataka nini. Akapanda kwa magoti, akajilaza chali kwenye viti vyote, akaweka mikono kifuani, akafumba macho. Soksi moja ilikuwa na tundu, na kile kidole kilichochungulia sitakieleza kwa mtawa. Kisogo chake kilikuwa mahali pale pale nilipokwisha kupanga kufunga kiti cha mtoto mchanga. Halafu, kwa sauti ya chini, kama maiti mwenye adabu, akauliza: "Miguu imeenea?"

Nikaufunga mlango.

Sikupanga, naapa. Mkono ulikwenda wenyewe. Ule mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, nami sikulijua hilo mpaka alipoanza kugonga. Nilisimama nimeweka kiganja juu ya kioo. Nasir anasema haikufika hata dakika, na kwamba alikuwa akisema astaghfirullahi wakati wote huku anatafuta ufunguo. Shangazi alipiga yowe moja refu hadi watu wakatoka madukani. Mathews alipotolewa alikuwa amelowa jasho, uso umeparara. Hakunitukana. Alichukua viatu vyake mkononi akatembea pekupeku mpaka barabarani.

Kufikia jioni habari ilikuwa imeshafika Malaba. Kamati ikasema gari lile limeshapata mtu wake: amepimwa, amelazwa, amefungiwa, kilichobaki ni udongo tu. Wakapitisha kwamba hakuna mtu wa ukoo atakayekanyaga humo mpaka gari litakaswe, na anayejua kulitakasa alishakufa. Kwa maneno mengine, nilipata gari langu. Nasir alitaka liondoke kwenye yadi yake haraka kuliko sisi tulivyotaka kulichukua. Hati imeandikwa kwa jina langu, maana Okiria alikataa jina lake liwe pale. Ni mimi ninayeliendesha pia, kwa sababu yeye mtihani wa leseni ameanguka mara mbili. Siku tulipolileta nyumbani nilicheka peke yangu jikoni.

Kicheko kiliisha upesi. Mama mkwe, ambaye magoti yanamuuma, huzunguka nyuma ya zizi ili asipite karibu nalo. Shuleni watoto wangu wanaitwa watoto wa mochari, na Paulinus amerudi mara mbili shati limechanika. Mathews akaanguka kitandani. Ni malaria, imepimwa na vidonge anavyo, lakini kila anayetoka kumtazama hunitazama mimi kwanza. Nayo nafsi yangu haikunyamaza, dada. Ninapofunga mlango wowote nauona mkono wangu juu ya kile kioo. Nakuandikia wewe kwa sababu padri wetu hucheza bao na Mathews.

Na Okiria? Mtu aliyesoma chuo, msomaji wa somo la kwanza kanisani, akawa anaamka asubuhi, analipita gari lake mwenyewe uani, anasimamisha bodaboda. Nikimuuliza anasema haogopi kitu, hataki tu kuonekana anawapinga wazee. Wiki tatu nimeishi na hilo. Kuishi na mwoga anayekiri ni rahisi kuliko huyu anayeuita woga wake heshima.

Sasa nifike Jumanne iliyopita. Unajua mwezi huu watu wanachoma mashamba kujiandaa kwa mvua. Saa tisa alasiri upepo uligeuka, moshi ukaja wote kwetu. Akwii alikuwa amerudi kutoka shule mapema. Nilimkuta ameinama ameshika meza, mabega yanapanda na kushuka, na ile pampu yake ya kuvuta dawa inatoa sauti kavu. Ilikuwa imekwisha. Nikampigia Okiria simu. Nikambeba hadi garini na tumbo hili, nikamweka, akaanguka upande. Nikamkalisha tena, akaanguka tena. Nikaona kwamba siwezi kuendesha na kumshika. Lazima mtu amkalishe wima, la sivyo pumzi ingemkatikia njiani.

Nilimwita mama mkwe. Alisimama mlangoni ameuma pindo la leso, analia, lakini miguu haikusogea. Wake wa mashemeji walisimama. Hapo bodaboda ikaingia na Okiria juu yake, nikasema Mungu wangu, asante. Nikamwambia ingia nyuma umshike mtoto. Alikuja hadi mlangoni. Mkono wake ulifika kwenye kitasa, nao ukabaki hapo. Kisha akaniambia, macho yakitazama chini: "Mama Paulinus, tumuweke tu kwa pikipiki. Itapita kwa foleni haraka."

Pikipiki. Naye Okiria alikuwako wakati daktari alipoyasema yale. Dada, nimeona wadudu kwenye kidonda cha ng'ombe, nimesafisha matapishi ya watoto watatu, lakini sijawahi kuchukizwa na kitu kama nilivyochukizwa na ule mkono uliokuwa juu ya kitasa.

Basi nyuma yake nikasikia sauti. Ni Mathews, katoka kitandani na blanketi mabegani, mdomo umekauka na homa. Alimsukuma ndugu yake kwa kiwiko. "Toka hapo," akamwambia. "Mimi nishalala humo."

Akapanda. Akamkalisha Akwii kifuani pake, wima, akamfungulia kola, akaanza kuvuta na kutoa pumzi kwa sauti: fuata mimi, mtoto, moja, mbili, fuata mimi. Njia yote. Alikuwa anatetemeka na homa mpaka meno yanagongana, lakini hesabu hakuipoteza. Nilifunga vioo vyote, nikaondoka.

Kwenye kile kioo cha juu nilimwona Okiria. Alikuwa nyuma yetu kwenye bodaboda, kashika kiuno cha dereva, amefumba macho, anakula vumbi langu lote. Ningeweza kupunguza mwendo. Sikupunguza.

Akwii yuko hai, nisikuweke roho juu. Walimwekea mashine ya mvuke, akalala hospitalini siku mbili, na Alhamisi nilimrudisha nyumbani anaomba chapati. Mathews alipimwa tena na kupewa sindano hapo hapo, kisha akala maharagwe sahani mbili kwa gharama yangu, akajifuta mdomo, akaniambia kwamba kwa maoni yake gari ni zuri lakini kwa mtu mrefu ni fupi kidogo, pikapu ingekuwa bora. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumbusu mkono. Nikamwomba msamaha kwa lile la mlango. Akasema nisijali, ndani kulikuwa na hewa ya kutosha, ila alichoogopa ni kwamba nje alisikia yowe moja tu, hakusikia mtu yeyote akimlilia.

Okiria alifika wodini ameshanawa uso. Alisimama mlangoni. Tangu siku hiyo amenitengenezea chai, ameniletea soda ambayo sinywi, amefua hata nguo za Okurut. Na juzi akaja na mpango. Kuna mtu wa ng'ambo anataka SUV ile. Tubadilishane naye tuchukue pikapu, halafu mama yake atakuwa na amani, wazee watakuwa na amani, sote tutakuwa na amani. Akwii alikuwa amelala kwenye chumba kile kile alipoyasema hayo. Nilimwambia kwa kifupi kwamba hati ina jina langu na gari haliuzwi. Akasema sawa. Hata kubisha hakubisha, dada, na hilo nalo likanichukiza.

Leo asubuhi tulienda misa. Mathews alikaa nyuma na watoto, tukalazimika kuteremsha vioo kwa ajili ya zile soksi, na mama mkwe, baada ya kulizunguka gari mara mbili, akapanda mbele na rozari yake bila kumwambia mtu neno. Kwa hiyo ukoo umeshaamua kwamba gari limetakasika, na nadhani kufikia Pasaka nitakuwa na orodha ya mazishi mlangoni. Hilo nitalipigania likifika. Okiria alikuwa ametangulia kwa miguu. Alisema anataka kunyoosha mwili.

Tulimpita karibu na kisima. Alisogea kando ya njia, akatupungia mkono kama mtu anayewapungia wageni. Akwii alipiga magoti kwenye kiti akamtazama kwa kioo cha nyuma mpaka akapotea, halafu akageuka akaniuliza: "Mama, Baba anatuogopa?"

Hilo swali bado sijalijibu. Nilisema kaa vizuri, funga mkanda. Wewe unayeongea na Mungu mara saba kwa siku, nitafutie jibu ambalo mtoto wa miaka minane anaweza kulibeba, na ukiona hakuna, niandikie hivyo hivyo kwamba hakuna. Uombe pia mimba hii isichukue hasira yangu kupitia damu.

Mama anakusalimu na anauliza kama huko wanawapa nyama. Paulinus anakusalimu, Okurut pia, ingawa yeye anadhani wewe ni mtakatifu wa kwenye sanamu. Mathews amesema nisisahau kumtaja. Okiria yuko nje anachota maji, hajui nimemwandika. Msalimie Mama Mkuu na masista wote. Bwana akutunzie mgongo, akupe usingizi, na akurudishe siku moja tuonane uso kwa uso.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa na hasira,

Asekenye